Nani Atangulie Kutoa?

Mwezi huu tunawaandikia tukiwa tumerudi kutoka Kagunga, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa na Burundi. Msafiri wa kutoka Kigoma mjini hupanda boti Kibirizi na kuelekea kaskazini, akiiacha milima ya Gombe upande wake wa kulia. Tulikwenda na akina mama wenzetu wa kanisa kusaidia siku ya kliniki: kupima uzito wa watoto, kuwapima wajawazito na kuzungumza nao juu ya chakula bora. Tulikuwa tumeandaa somo la lishe, lakini tulirudi nyumbani tukifikiria jambo lingine kabisa.

Miongoni mwa wajawazito alikuwepo mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba, mtoto wake wa nne. Tulipompima presha tulikuta 150 kwa 100. Tukamwomba alale kwa ubavu wa kushoto, tukampima mkojo, tukashukuru kuona hauna protini. Baada ya kupumzika tulimpima tena, presha ikawa imeshuka kidogo tu. Tukamwandikia rufaa akaonwe na daktari, na tukamweleza dalili za hatari ambazo kila mjamzito azijue: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu ya juu ya tumbo. Alisikiliza yote kwa adabu. Halafu akatuuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, na dawa ya fedha iliyopotea mnayo?"

Presha ya mimba ina sababu zake, na hatusemi kwamba yake ililetwa na mawazo. Lakini mtu asiyelala usiku hawezi kupumzika kama tulivyomwagiza. Kwa hiyo tulivuta kiti tukamsikiliza.

Magunia sita ya dagaa

Mama huyu hununua dagaa kwa wavuvi, huwaanika, kisha huwauza kwa wanunuzi wa mjini. Safari hii alikuwa amepata magunia sita, nusu ya mtaji ukiwa mkopo wa kikundi chake cha akina mama. Mnunuzi mmoja ambaye hawajawahi kuonana alimpigia simu na kumwambia kwamba anawataka wote.

Mazungumzo yao yalikwama mahali pamoja. Mnunuzi alisema, "Mama, leta mzigo kwanza, nikishauona nakutumia hela." Yeye akajibu, "Tuma hela kwanza, mzigo utaukuta kwenye boti." Mnunuzi akauliza, "Nikituma, halafu usipoleta?" Naye akauliza, "Nikileta, halafu usipotuma?" Siku mbili wakabaki hapo.

Mwishowe walikubaliana kwamba mzigo ushushwe Kibirizi, ndugu yake mmoja asimame karibu nao, na mnunuzi atume fedha akiwa pale pale. Boti ilipofika, ndugu akapiga simu kusema mnunuzi yupo. Dakika chache baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama huyu: umepokea shilingi 900,000, pamoja na jina la mtumaji na namba ya muamala. Akamwambia ndugu yake, "Mwachie." Magunia yakapakiwa kwenye gari. Jioni alipokwenda kwa wakala kutoa fedha, salio lake lilikuwa shilingi 4,200. Ule ujumbe ulikuwa umeandikwa na mtu, ukatumwa kutoka namba ya kawaida ya simu.

Mumewe alikuwa hajui, na kikundi kilikuwa hakijui. Sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kuambiwa.

Tatizo lina umri mrefu kuliko simu

Tukiwa kwenye boti ya kurudi, wenzetu walilaumu simu. Sisi hatukukubaliana nao moja kwa moja. Tatizo la watu wawili wasioaminiana, kila mmoja akisubiri mwenzake atangulie kutoa, lilikuwepo kabla ya simu na kabla ya noti.

Hebu tutazame Ujiji, jirani zetu. Mwaka 1874 afisa Mwingereza wa jeshi la majini, Verney Lovett Cameron, alifika Ujiji na kuandika jinsi soko lilivyokwenda. Bei za vitu zilitajwa kwa shanga zilizoitwa sofi. Soko lilipofunguliwa, walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, waliozitoa kwa wanunuzi na kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea sofi tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida mara zote mbili. Akina mama, hao walikuwa mawakala! Muuza samaki hakuhitaji kumjua mgeni aliyetoka mbali wala kuzijua shanga alizokuja nazo. Alihitaji kumwamini mwenye mfuko wa sofi, ambaye alijulikana sokoni.

Huduma ya fedha kwa simu ilipoanza, M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, ilifanya kazi ya yule mwenye mfuko kwa umbali mkubwa zaidi. Unapomtumia dada yako fedha, kampuni husimama katikati. Hupunguza salio lako na kuongeza la dada yako katika tendo moja, kwa hiyo hakuna dakika ambayo fedha ziko mikononi mwa mtu wa kutiliwa shaka. Kwa kazi hiyo simu imetusaidia sana, na sisi tuliowahi kutuma karo kwa kumpa dereva wa basi bahasha tunajua tulikotoka.

Lakini tuangalie vizuri. Kampuni ya simu inashika fedha peke yake. Haishiki gunia la dagaa. Haijui kama mzigo umefika, kama ni mkavu, wala kama umekwisha pakiwa. Nusu ya biashara ipo kwenye simu na nusu ipo mchangani Kibirizi, na katikati ya nusu hizo mbili hakuna mtu. Hapo ndipo mwizi anaposimama.

Mitego mitatu inayojulikana

Mtego wa kwanza ndio uliomnasa mama wa Kagunga: ujumbe wa kughushi. Huja wakati wa kelele na haraka, mzigo ukiwa tayari unapakiwa. Huenda ukaandikwa sawasawa kabisa na ule wa kweli. Ndiyo maana kuukagua ujumbe hakutoshi. Fungua menyu ya huduma yako, weka namba ya siri, uangalie salio. Ujumbe ni habari tu, na habari mtu yeyote anaweza kuiandika.

Mtego wa pili ni wa mnunuzi aliyelipa kweli. Fedha zinaingia, salio unaliona, mzigo unauachia. Kisha anaiomba kampuni irudishe muamala akidai alikosea namba. Huduma ya kurudisha iliwekwa kwa nia njema, kwa ajili ya wale wanaokosea kweli, na wengi wetu imetuokoa. Lakini wakati malalamiko yanaangaliwa, fedha zinaweza kuzuiliwa, nawe una kazi ya kueleza kwamba ulikuwa unauza dagaa. Asiye na maandishi yoyote ya biashara ile atapata shida kujieleza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtego wa tatu mnaujua wote: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Humpata mama ambaye kweli alikuwa na hela ya kutuma siku hiyo, akafikiri ni yule anayemdai. Dawa yake ni kumpigia mwenye deni lake kwa namba ile ya zamani na kuisikia sauti yake kabla ya kutuma.

Tangu mwaka 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungiwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayafanya matendo haya kuwa jinai. Hata hivyo wapo wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, kisha uende polisi na simu yako bila kuufuta ujumbe.

Wataalamu walilijaribu

Tulipofika nyumbani tulimweleza habari hii kijana wetu anayesoma mambo ya kompyuta. Tulitegemea acheke. Badala yake alisema kwamba walimu wake hulifundisha tatizo hili, na kwamba wataalamu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 40. Wao huliita mabadilishano ya haki: ama pande zote mbili zipate kilichoahidiwa, ama zote mbili zisipate kitu.

Walitafuta utaratibu wa kutumiana ujumbe kati ya watu wawili wasioaminiana, bila mtu wa tatu, ambao hautamwacha mmoja mikono mitupu. Mwaka 1980 Shimon Even na Yacov Yacobi, wakichunguza watu wawili wanaotaka kutia sahihi mkataba wakiwa mbalimbali, walionyesha kwamba utaratibu wa uhakika wa namna hiyo hauwezekani. Mwaka 1999 Henning Pagnia na Felix Gärtner wa Chuo Kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, walithibitisha jambo hilo kwa mabadilishano ya haki kwa jumla: bila mtu wa tatu anayeaminiwa, hayapo.

Tulimwomba kijana atueleze kama anavyomweleza bibi yake. Akasema, "Mama, fikiria mnapeana vitu kwa barua. Barua zitakuwa nyingi au chache, lakini lazima kuna ya mwisho. Yule anayetakiwa kuituma, kama ameshapata chake chote, ana haja gani ya kuituma? Basi ihesabuni kama haipo. Sasa iliyotangulia ndiyo imekuwa ya mwisho, na swali ni lile lile. Endelea kurudi nyuma hivyo, utafika mwanzo na hakuna barua hata moja."

Tulinyamaza kidogo. Hayo ndiyo yaliyowakuta yule mama na mnunuzi wake kwa siku mbili za simu. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamegonga ukuta ambao hata wenye shahada za juu waliugonga.

Je, hakuna namna? Ipo, na kijana alitupa mifano miwili. Mwaka 1997 N. Asokan na wenzake wawili walieleza utaratibu ambao mtu wa tatu yupo lakini haitwi kila mara. Watu wawili wanafanya biashara yao wenyewe wakiwa na maandishi yaliyotayarishwa vizuri, na yeye anaitwa tu mmoja akigeuka. Sisi wauguzi tulielewa upesi, maana ndivyo alivyo daktari wa zamu usiku. Hazalishi kila mama. Lakini kila mtu anajua yupo, na kujua huko peke yake hubadilisha mambo.

Mfano wa pili ulitushangaza. Mwezi Februari 2016 Sean Bowe alimuuzia Gregory Maxwell jibu la fumbo la namba liitwalo Sudoku kwa sehemu ya kumi ya Bitcoin, ile fedha ya kompyuta. Muuzaji alilifunga jibu kwa hesabu kama vile ndani ya sanduku, akathibitisha kwa hesabu kwamba lililomo ni jibu sahihi bila kulionyesha. Mnunuzi akaweka malipo kwa masharti kwamba atakayeyachukua lazima aache ufunguo wa sanduku lile hadharani, na kama hakuna aliyeyachukua kwa muda uliowekwa, fedha zinarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyetangulia. Kuchukua malipo na kutoa ufunguo lilikuwa tendo moja.

Tukauliza, "Na mtu wa tatu yuko wapi hapo?" Kijana akasema ni kompyuta nyingi zinazotunza daftari moja la Bitcoin, kila moja ikiwa shahidi wa nyingine. Ndipo tukamkumbuka Ibrahimu akinunua pango la Makpela kutoka kwa Efroni, katika Mwanzo sura ya 23. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya Wahiti wote waliokuwa wakiingia lango la mji. Hakumfuata Efroni nyumbani kwake kimya kimya. Aliyatafuta macho mengi.

Lakini tusisahau jambo moja. Jibu la fumbo linaweza kufungwa kwa hesabu. Dagaa hawawezi. Kwa hiyo kwetu sisi wa ziwani mtu wa tatu lazima awe mwanadamu, mwenye miguu, mwenye stoo na ufunguo.

Kesho tutaonana?

Mtasema, mbona tunauziana mtaani kila siku bila shahidi? Ni kwa sababu kesho tutaonana. Anayekuuzia mawese yaliyochanganywa na maji atakukuta kisimani, kanisani na msibani.

Herodotus, mwandishi Mgiriki wa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, alisimulia jinsi wafanyabiashara wa Karthago walivyopanga bidhaa zao ufukweni mwa Afrika, wakarudi merini na kufukiza moshi. Wenyeji walikuja, wakaweka dhahabu kando ya bidhaa, wakasogea mbali. Kama dhahabu haikutosha, wenye bidhaa walirudi merini kungoja iongezwe, na hakuna aliyegusa cha mwenzake hadi waridhike wote. Hawakusemezana neno. Kwa maoni yetu, kilichowalinda ni kwamba kila upande ulitaka meli zirudi tena.

Mahali ambapo kesho haipo, mambo huwa tofauti. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana ufukweni Kagunga, na kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya Liemba iliwachukua kwa makundi hadi Kigoma, na kutoka hapo walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Wenyeji na wageni walihitajiana sana siku zile, lakini nani angemkopesha mtu ambaye kesho yake angepandishwa melini asirudi tena? Hata mtu mwema hukosa kuaminiwa pale ambapo hakuna kesho. Tunalisema hili ili tusiwahukumu watu haraka. Mara nyingi kutoaminiana hakutokani na ubaya wa moyo. Kunatokana na umbali.

Na simu imetuletea wanunuzi wengi ambao hatuna kesho pamoja nao. Ni sauti tu. Ikizima laini, imekwisha.

Sanduku la kufuli tatu

Akina mama, msifikiri hekima hii iko mbali nasi. Wengi wenu mko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo wa vikundi vya namna hii vyenye sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na akina mama watatu tofauti, na sanduku analala nalo wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Hufunguliwa mbele ya wote, fedha zikahesabiwa kwa sauti.

Je, hawa wanaitana wezi? Hasha. Ni marafiki. Lakini wamepanga mambo ili urafiki wao usibebeshwe mzigo mzito kuliko uwezo wake. Siku hizi zipo hata akaunti za vikundi kwenye simu ambazo fedha hazitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja athibitishe. Ni sanduku lile lile katika vazi lingine.

Tulimuuliza mama wa Kagunga, "Kikundi chenu kina kufuli tatu. Mbona ule mzigo wako ulikuwa na kufuli moja tu, yaani simu yako?" Alitazama chini, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Tufanye nini?

Tulizungumza na akina mama wanaosafirisha mizigo, na haya ndiyo tuliyokusanya.

Kwanza, mtafute mtu wa tatu mnayemjua nyote wawili. Anaweza kuwa mwenye stoo pale mizigo inaposhukia. Mzigo unaingia stoo kwa jina lako. Mnunuzi anaukagua, anafungua gunia lolote analotaka. Anatuma fedha, wewe unaangalia salio, ndipo unampigia mwenye stoo kwa namba yake unayoijua na kusema "toa". Mlipe ujira wake bila kunung'unika. Asiwe mtu aliyeletwa na mnunuzi peke yake, wala ndugu yako peke yako, maana mtu wa tatu aliyeegemea upande mmoja ni wa pili tu aliyebadili shati.

Pili, kama hayupo mtu wa namna hiyo, gawanya. Tuma gunia moja, pokea malipo ya gunia moja, ndipo utume la pili. Hata mwenzako akigeuka, hasara ni gunia moja. Ni polepole, lakini inamjenga mtu ambaye kesho utamwita mteja.

Tatu, omba amana. Mnunuzi wa kweli hakatai kutanguliza sehemu ya fedha kabla mzigo haujapanda boti. Nawe usikatae kumwandikia kwamba umeipokea.

Nne, andika. Kabla ya kutuma mzigo, mtumie mnunuzi ujumbe wenye idadi ya magunia, bei, tarehe na namba atakayolipia, naye ajibu "nakubali". Ukiambiwa muamala ulikosewa, maneno hayo yatakutetea.

Tano, usiharakishwe. Anayekuambia boti inaondoka, gari linaondoka, dereva anagomba, mwambie salio halijaonekana. Mtandao ukiwa umekatika, kama unavyokatika mara kwa mara mipakani, mzigo usubiri. Dagaa wakavu hawaozi kwa usiku mmoja.

Sita, namba ya siri ni yako. Hata wakala mwema asiibonyeze kwa niaba yako.

Na sisi wauzaji tujipime

Tusijifanye malaika. Tumewaona akina mama wanaoweka dagaa wazuri juu na wenye mchanga chini. Tumeona magunia yaliyonyunyiziwa maji ili yawe mazito. Mnunuzi aliyefungua gunia la namna hiyo mara moja, mara ya pili hawezi kutanguliza fedha, na atakayeumia ni mwenzetu mwaminifu anayekuja baada yetu. Haki katika biashara ina pande mbili. Ukitaka stoo na shahidi, kubali pia gunia lako lifunguliwe mpaka chini.

Habari za yule mama

Siku ile hatukuwa na dawa ya fedha. Tulimshauri jambo moja: awaambie watu. Alihofia mumewe zaidi kuliko kikundi. Tulijitolea kwenda naye nyumbani, akakataa, akasema ni lazima aseme kwa kinywa chake.

Wiki tatu baadaye tulikutana naye Kigoma alipokuja kwa daktari. Presha ilikuwa imetulia kwa dawa aliyopewa, na alikuwa anafuatiliwa vizuri. Mumewe alikuwa amekasirika siku mbili, kisha siku ya tatu akauliza, "Kumbe ulikuwa unalibeba peke yako?" Sasa wanalipa deni la kikundi pamoja kidogo kidogo. Kikundi kilimwongezea muda, na kikaweka kanuni mpya: mwanachama akiuza mzigo kwa mkopo wa kikundi, mzigo hautoki stoo mpaka mwanachama mwingine pia aone salio kwa macho yake. Wameongeza kufuli ya pili. Polisi walichukua maelezo yake. Magunia hayajapatikana.

Tulimuuliza kama ataendelea na biashara. Akasema tayari ameuza gunia mbili, kwa utaratibu wa stoo. Mnunuzi mpya alilalamika kwamba anamcheleweshea gari. "Nilimwambia," akasema, "baba, mimi sikufahamu na wewe hunifahamu. Tukae hapa kwenye benchi sote wawili tusubiri salio lisome." Wakakaa. Akamnunulia chai. Salio likasoma.

Mnunuzi huyo amemwagiza magunia manne kwa mwezi ujao.